Nimemwona wakili wa upande wa pili akitoka chemba ya hakimu, nifanyeje?

Wakuu, habari zenu. Nina shauri la mirathi mahakamani, linaingia mwaka wa pili. Juzi nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango wa chemba ukafunguka, akatoka wakili wa ndugu zangu, peke yake, jalada kwapani. Hakimu yuko nyuma yake anacheka, mkono begani mwa wakili. Waliponiona wakanyamaza. Tulipoingia, ombi langu la kuongeza shahidi likakataliwa papo hapo.

Tangu siku hiyo usingizi sina. Kuna jamaa anasema anaweza kunifikisha kwa hakimu jioni nikamweleze upande wangu. Mke wangu hataki hata kusikia. Je, kuna kanuni zinazombana hakimu, au ndiyo basi tena? Shauri linarudi wiki ijayo.

Subira: Pole sana ndugu. Msikilize mkeo.

Dada Wakili: Usithubutu kwenda. Ukimfuata faraghani utakuwa umefanya lile lile unalolilalamikia.

Kanuni zipo, tena zimeandikwa. Kanuni za Bangalore za mwenendo wa mahakimu zilikamilishwa The Hague mwaka 2002, na nchi nyingi zimetunga zao kwa kuzifuata. Zinasimama juu ya mambo sita: uhuru, kutopendelea, uadilifu, mwenendo unaofaa, usawa, na umahiri pamoja na bidii. Lako linaangukia kwenye kutopendelea. Hapo haitoshi hakimu kusema moyo wake ni safi. Linaloulizwa ni je, mtu mwenye busara akitazama kwa nje, angemwona hakimu huyu kuwa anaweza kuamua bila kuegemea upande? Ndiyo maana hapaswi kuzungumzia shauri na upande mmoja huku mwingine hayupo.

Lakini hukusikia walichoongea. Huenda walikuwa na shauri jingine kabisa, na kusalimiana hakukatazwi. Kwa hiyo andika ulichokiona, usiandike unachokidhani. Tarehe, saa, nani alikuwepo.

Mzee wa Masjala: Nimepokea barua za malalamiko miaka mingi, na nyingi zilikuwa rufaa zilizokosea mlango. Kukataa shahidi ni uamuzi. Kama amekosea sheria, utasahihishwa na mahakama ya juu. Rushwa, matusi, kukutana na upande mmoja kisiri, kukalia hukumu bila sababu, hayo ni mwenendo, yanakwenda kwenye chombo cha nidhamu. Ukiyachanganya, barua yako inarudi, nawe unaondoka ukiamini mahakama yote imeoza.

Na usidhani kanuni hizi ni za mahakimu wadogo tu. Uingereza, mwaka 1998, majaji wa ngazi ya juu kabisa waliamua suala la Pinochet, aliyewahi kuitawala Chile. Baadaye ikajulikana kuwa mmoja wao, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa asasi yenye uhusiano na Amnesty International, shirika la haki za binadamu ambalo lilikuwa limeruhusiwa kushiriki kwenye shauri lile. Uamuzi ukafutwa, likasikilizwa upya na majaji wengine. Haikulazimu kuthibitisha kuwa alipendelea.

Msema Kweli: Mkuu, ukimkomalia hakimu atakukomoa. Kaa kimya usubiri hukumu.

Dada Wakili: Hapana! Hapo ndipo watu wanapoharibu. Pingamizi hutolewa mapema. Ukinyamaza kisha ukashindwa, utaambiwa ulikuwa unasubiri kuona upepo unakovuma. Kama huna wakili, simama mwenyewe, upande wa pili ukiwepo, uombe kwa heshima hakimu aeleze kikao kile kilihusu nini, na maelezo yasipotosha, ajitoe. Anaweza kukataa, maana hakimu akijitoa kila akiombwa, kila mtu atajichagulia wake. Ila ombi lako litakuwa limeingia kwenye kumbukumbu, na mahakama ya rufaa italiona.

Mama Wawili: Mimi nilinyamaza. Miezi baada ya kushindwa ndipo nikajua hakimu ni shemeji wa mpinzani wangu. Alitakiwa kutuambia siku ya kwanza, nami nilikuwa na haki ya kuuliza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba haki hiyo ninayo. Uliza, baba, ungali na nafasi.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Nimeandika usiku huu huu, nusu ukurasa. Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa chemba, watu wawili, jalada moja. Neno "rushwa" nilikuwa nimeliandika, nimelifuta, kwa sababu sikuiona. Yule jamaa wa jioni nimemjibu kwamba siendi.