Adesina: mchumi kilimo alifikaje kuongoza AfDB?

mbeguborakwanza
Wakuu, kila makala kuhusu Akinwumi Adesina inasema alisomea uchumi wa kilimo, akawa waziri Nigeria, kisha rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB). Hapo katikati panarukwa. Alifanya nini hasa hadi akaaminiwa benki? Maana kujua bei ya mahindi si kujua hatifungani (hati za mkopo).

wakala_wa_pembejeo
Uwaziri ulikuja mwishoni, mkuu. Shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, 1981, uzamivu Purdue, Marekani, 1988, halafu miaka mingi kwenye vituo vya utafiti, kikiwemo kile cha mpunga kule Bouaké, Côte d'Ivoire. Baadaye Rockefeller Foundation, taasisi ya hisani ya Marekani, kisha makamu wa rais wa AGRA, shirika la mapinduzi ya kijani Afrika, Nairobi. Mwaka 2006 alikuwa mstari wa mbele kwenye mkutano wa mbolea wa Abuja, uliolenga kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Virutubisho, si mbolea: mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu za naitrojeni. Wengi huchanganya hapo.

Alipopewa wizara ya kilimo 2011, serikali ndiyo iliyokuwa ikinunua mbolea na kuigawa. Kwa hesabu yake, iliwafikia wakulima wasiozidi asilimia 11. Akaiondoa serikali kwenye ununuzi. Kuanzia msimu wa 2012 mkulima aliandikishwa pamoja na namba yake ya simu, akapokea ujumbe wenye namba ya siri, akaenda nao kwa wakala aliyetajwa, akalipa nusu ya bei ya mifuko miwili (mmoja wa NPK, yaani mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na mmoja wa urea), na wakala akadai nusu iliyobaki serikalini. Tanzania wakati huo tulikuwa bado na vocha za karatasi.

shamba_na_hesabu
Umeisifia sana, sasa tuseme ilipokwama. Pasipo na mtandao, ujumbe haufiki au wakala hawezi kuuthibitisha, na mkulima anarudi mikono mitupu mvua zikiwa zimeshaanza. Namba moja ya simu hutumiwa na nyumba nzima. Kibaya zaidi, wakala ametoa mzigo kwa mkopo wa benki huku serikali ikichelewa kulipa: riba inakula faida yake yote, na msimu unaofuata haleti mzigo. Mfumo wa simu unaziba mwanya wa wizi, lakini fedha za bajeti hauzileti.

Jibu la swali lako la benki liko kwenye NIRSAL, mfuko wa dola milioni 500 uliobuniwa pamoja na Benki Kuu ya Nigeria. Milioni 300 zilitengwa kubeba sehemu ya hasara mkulima akishindwa kulipa, zilizobaki zikaenda kwenye bima, mafunzo na motisha kwa mabenki. Mkopo unabaki kuwa wa benki ya biashara. Mfuko unaipunguzia tu benki hofu. Mabenki ya maendeleo nayo hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa ukubwa wa bara.

mbeguborakwanza
Sawa, hapo nimeelewa. Na kura za urais wa benki je? Nigeria si ndiyo mwanahisa mkubwa?

shamba_na_hesabu
Ndiyo, ila haitoshi. Mgombea lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na pia zaidi ya nusu ya kura za nchi za Afrika peke yake. Mei 2015, Abidjan, wagombea walikuwa wanane, na Adesina alishinda raundi ya sita kwa zaidi ya asilimia 58, akapokea urais kutoka kwa Donald Kaberuka wa Rwanda. Mwaka 2020 alichunguzwa kwa tuhuma za ndani; kamati ya maadili ya benki ikamsafisha, jopo la Mary Robinson, rais wa zamani wa Ireland, likaunga mkono, na Agosti akachaguliwa tena bila mpinzani.

wakala_wa_pembejeo
Usisahau Oktoba 2019: wanahisa walikubali mtaji wa benki uongezwe kutoka dola bilioni 93 hadi 208. Msidhani ni fedha zilizoletwa kwenye magunia. Sehemu ndogo tu hulipwa taslimu. Nyingine ni ahadi ambayo wanahisa wataitwa kuilipa benki ikielemewa. Ahadi hiyo ndiyo inayoiwezesha benki kukopa kwa riba nafuu na kuwakopesha wengine. Muhula ni miaka mitano na hurudiwa mara moja, kwa hiyo Septemba 2025 alimwachia Sidi Ould Tah wa Mauritania. Huyo ametokea benki moja kwa moja, si shambani.