Wikendi ya Sindano na Disketi

JUMATATU

Zuhura 19:02: Jamani salaam. Nimebadilisha jina la kikundi, mtu asije akasema hakujua. Jumamosi hii saa tatu asubuhi mpaka Jumapili jioni. Mchana tunashona, usiku gemu. Nani anakuja? Jibuni kwa jina, si kwa dole gumba.

Baraka 19:03: 👍

Zuhura 19:03: Baraka.

Baraka 19:04: Hilo ndilo jina langu, ndiyo.

Zuhura 19:11: La haraka. Kitani kiko kwa Mwanaidi. Lazima kifuliwe kwa maji ya moto, kikauke na kipigwe pasi KABLA ya kukatwa. Kitani hunywea. Tukikikata kibichi, shumizi zitageuka fulana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Mwanaidi, umeiona hii?

Zuhura 19:40: Mwanaidi?

Neema 20:15: Dada Zuhura nilete zipu ya rangi gani

Zuhura 20:16: Neema mdogo wangu, tunashona nguo za mwaka 1790. Zipu imeingia kwenye nguo karne ya 20. Kamba, vifungo na pini, basi.

Neema 20:16: Na cherehani?

Kassim 20:18: Hataza ya Howe ni ya 1846. Ya Singer 1851. Kwa hiyo cherehani ibaki ilipo.

Zuhura 20:19: Asante Kassim. Kila mshono kwa mkono. Tunapiga bandi kwanza, tunapima mwilini, ndipo tunashona.

Rashidi 20:25: Yaani koseti nzima kwa mkono? Na ule mfupa wa nyangumi wa kuikaza tunautoa wapi

Baraka 20:26: Nina namba ya nyangumi mmoja ila hapokei simu

Zuhura 20:29: Haukuwa hata mfupa. Ni zile nyuzi ngumu za mdomoni ambazo nyangumi huchujia chakula. Wengine walitumia matete. Sisi tutatumia zile kamba pana za plastiki za kufungia nyaya, zinapinda vizuri na hazivunjiki. Kassim unazo, niliziona.

Kassim 20:31: Hizo zimefunga nyaya.

Zuhura 20:31: Zifungue.

Kassim 20:44: Sawa, na mimi niseme langu. Naleta ile mashine ya DOS, kompyuta yangu ya zamani, kibodi yake na kasha la disketi za gemu. Sharti ni moja. Kibakuli cha sumaku cha pini kisikae meza moja na disketi. Kisikae hata chumba kimoja.

Rashidi 20:45: Tumeanza

Mwanaidi 21:30: Kassim hilo lilikwisha.

Kassim 21:31: Lilikwisha kwako. Mji wangu mzima wa kwenye gemu ulifutika.

Neema 21:31: Mji gani??

Kassim 21:34: Kwenye disketi data yenyewe ni sumaku. Ukiweka sumaku juu yake umefuta. Si suala la maoni.

Mwanaidi 21:36: Tukifukua ya zamani basi tufukue yote. Nani alikatia makaratasi ya makasha ya gemu kwa mkasi wa nguo?

Rashidi 21:36: *Ujumbe huu umefutwa*

Baraka 21:37: Rashidi umefuta nini tena, na wewe una sumaku?

Zuhura 21:38: KITANI. Mwanaidi umeingia, umejibu la sumaku, la kitani hujajibu.

JUMANNE

Bibi 05:41: Nimesoma yote. Kile kibakuli nilimpa Mwanaidi mimi, ili pini zisimwagike sakafuni. Alikuwa na miaka kumi. Nikamwambia akiweke mahali pa juu, na mahali pa juu palikuwa pale. Kassim, kama bado unadai mji wako, nidai mimi. Mkasi ulikuwa wa mama yangu. Ulikuwa unakata hariri bila kuivuta. Sasa unatafuna hata uzi. Rashidi utakuja kuuchukua leo ukaunoe, uwe umerudi kabla ya Jumamosi. Sitaki kuyasikia tena haya.

Kassim 07:20: Shikamoo Bibi. Yamekwisha.

Bibi 07:22: Marahaba. Na Mwanaidi umwambie.

Kassim 09:05: Mwanaidi yamekwisha. Samahani.

Rashidi 09:06: Shikamoo Bibi, nakuja saa kumi

Mjomba Salum 12:50: Zipu nyeusi inafaa kila nguo.

Baraka 12:51: Mjomba 😂😂😂

Zuhura 13:15: Mjomba shikamoo, zipu tumeshaiondoa. Wewe unakuja na monita ya kichogo, sivyo?

Rashidi 13:20: Ya nini kubeba mzigo wote ule? Laptopu yangu ina DOSBox, programu ya kuigiza mashine ya DOS, inacheza kila kitu. Disketi zipumzike, na sumaku zipumzike.

Kassim 13:22: Hapana.

Rashidi 13:22: Kwa nini

Kassim 13:27: Gemu za DOS zile ni nukta 320 kwa 200, zilitengenezewa kioo cha nne kwa tatu. Kila nukta kwenye kioo ni ndefu kuliko upana wake. Ukizitandaza ovyo kwenye skrini pana za sasa, yule kijana wa Prince of Persia anakuwa kibonge. Mtengenezaji alimpiga picha mdogo wake akikimbia na kuruka, akachora mwendo ule hatua kwa hatua, halafu wewe umfanye kibonge?

Rashidi 13:28: DOSBox ina mahali pa kurekebisha hilo

Neema 13:30: Kwa hiyo DOSBox ndiyo cherehani ya gemu

Zuhura 13:31: Neema umemaliza maneno. Monita ya kichogo inakuja.

Rashidi 13:33: Mmekuwa wawili sasa. Mungu atusaidie.

Zuhura 13:50: Ratiba ya usiku. Doom, ile gemu ya kupigana risasi, kwenye mtandao inachukua watu wanne tu. Sisi ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo wanne wanacheza, waliobaki wanashona. Anayekuwa wa mwisho anaachia kiti na kwenda kushona matundu ya kamba ya koseti. Ni mengi, yanapanda mgongo mzima.

Baraka 13:52: Yaani matundu yote yatashonwa na wasiojua kucheza

Neema 13:52: Yaani yatashonwa na kaka Baraka

Kassim 13:55: Subiri. Wanne maana yake kompyuta nne. Yangu ni moja.

Rashidi 13:56: Kumbe laptopu zinahitajika 😌

Kassim 14:10: Doom basi kwa DOSBox, tutaunganisha laptopu. Prince of Persia kwa mashine halisi. Ina saa nzima ya kumwokoa binti mfalme, dakika 60 na saa haisimami ukifa. Zamu ni hiyo hiyo, dakika zikiisha unampisha mwenzako.

Rashidi 14:11: Andikeni hiyo. Kassim amekubali DOSBox.

Shangazi Halima 17:48: Watoto hamjambo. Nimeona matundu yametajwa, nawaomba msiyakate kwa mkasi. Piga maharazi taratibu, nyuzi za kitambaa zisogee kando zisikatike, ulizungushe mpaka tundu lipanuke. Halafu uzi wako uupake nta, uuzungushie tundu lote, mshono ukikaa karibu karibu, na kila ukivuta unakaza kidogo. Ukikata nyuzi, siku kamba ikivutwa tundu linachanika na koseti inaachia mbele za watu. Zile pete za chuma za kugonga zilikuwa bado hazijaja. Na mvae subana, sitaki damu kwenye kitani.

Zuhura 17:50: Shikamoo Shangazi. Unakuja mwenyewe kutuonyesha?

Shangazi Halima 18:30: Marahaba. Tutaona, magoti haya.

Baraka 18:31: Shangazi njoo ucheze Doom, unakaa tu

Shangazi Halima 18:33: Nikicheza mimi mtashona ninyi wote.

JUMATANO

Zuhura 08:00: Hesabu. Wamethibitisha: mimi, Kassim, Neema, Baraka, Rashidi. Shangazi "tutaona". Mwanaidi hajasema. Mjomba hajasema. Wengine wote mmesoma, nawaona. Kielelezo cha kizibao ninacho kimoja, cha wembamba. Mnene atakata bitana ya majaribio kwanza kwa shuka kuukuu, tusiharibu kitani.

Baraka 08:02: Mnene ni nani hapa

Zuhura 08:02: Lete shuka kuukuu, Baraka.

Zuhura 12:30: Na kitani jamani. Kikifuliwa leo usiku, kesho kinakauka, Ijumaa pasi. Kikifuliwa Ijumaa, Jumamosi tunashona maji.

ALHAMISI

Mwanaidi 22:17: Kitani kimo majini tangu jioni.

Zuhura 22:17: Alhamdulillahi. Maji ya moto?

Shangazi Halima 22:20: Mwanaidi, kipi? Kile cheupe au kile cha kijivu? Kwa sababu cha kijivu nilikiacha hapo kwako mimi, ni bitana ya mapazia yangu.

Zuhura 22:21: Mwanaidi cheupe, sivyo?

Zuhura 22:26: Mwanaidi pokea simu.

IJUMAA

Rashidi 11:40: Fundi wa kunoa anasema mkasi utakuwa tayari Jumatatu

Baraka 11:40: Futa kabla Bibi hajaona

Bibi 11:41: Nimeona.

Rashidi 11:42: Narudi kwa fundi sasa hivi Bibi

Zuhura 11:50: Kama mkasi haupo, Jumamosi tunakata shumizi tu kwa mkasi wangu mdogo, koseti Jumapili. Au tuanze na gemu mchana tukisubiri. Kassim unaonaje?

Kassim 12:30: Gemu mchana sina tatizo. Ila kamba za nyaya nikishazifungua siwezi tena kuunganisha bila kuchanganya, kwa hiyo ama koseti ama mashine. Nani ameongea na Mwanaidi?

Neema 12:31: Anaonekana yuko hewani lakini haandiki

Mjomba Salum 13:05: Nimetoa monita mbili stoo. Moja inawaka ina mstari katikati, nyingine haina mstari ila haiwaki. Nibebe ipi?