Mfarishi wa Zuhura (asiingizwe yeye!)

Asha: Assalaam alaykum wote. Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Nimefungua kikundi hiki pembeni kwa sababu Dada Zuhura yumo kwenye kile cha ukoo. Bibi kafungua kasha leo asubuhi, katoa kanga tisa. Anasema ziunganishwe viraka, ushonwe mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita, apelekewe Zuhura Toronto kabla baridi haijawakalia.

Shangazi Tatu: Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Mama amesema kweli, na mimi mikono inanichezea tayari. Tuma picha. Moja moja, usizirundike.

Asha: [picha]
[picha]
[picha]
Hiyo ya kwanza ni kisutu chake, ile kanga nyekundu. Ya pili ina korosho kubwa za damu ya mzee, chini ni rangi ya maziwa. Ya tatu ilikuwa kijani, sasa imekuwa kama jani la mgomba lililokauka.

Asha: [picha]
[picha]
Hii ya manjano imepauka mpaka jina, yale maandishi yake, halisomeki vizuri. Na hii ya nili, pindo bado limekolea.

Rukia: Mashallah! Ila zimepauka jamani. Kesho napita Kariakoo, ninunue vitenge viwili vipya vya kuchangamsha? Nimeona kimoja cha machungwa kinawaka kweli kweli.

Shangazi Tatu: Rukia mama, acha kwanza. Nakueleza kwa nini. Ukiweka kipande kipya kinachowaka katikati ya kanga za miaka, jicho la mtu linakwenda pale pale na halitoki. Hizi za Bibi zitaonekana chafu, na si chafu, zimetulia tu. Halafu kitenge ni kizito kuliko kanga. Ukiviunga pamoja, kizito kinamvuta mwepesi, na baada ya kufuliwa fuliwa kanga inachanika pembeni ya mshono. Nimeshaletewa kazi za namna hiyo nizirekebishe, na hazirekebishiki. Pamba kwa pamba, uzito kwa uzito.

Rukia: Sawa Shangazi. Lakini hapo nyekundu ziko tatu, kijani mbili, tutazipangaje zisipigane?

Shangazi Tatu: Zitapigana mkizichagua kwa majina. Msiulize hii nyekundu au kijani. Ulizeni hii ina giza au ina mwanga. Asha, zitandaze zote barazani, si chumbani. Ile taa nyeupe ya chumbani inadanganya, nili na nyeusi zinakuwa kitu kimoja. Piga picha moja ya zote, kisha iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Simu yako inaweza.

Asha: Dakika moja.

Asha: [picha]
Shangazi!! Ile nyekundu ya tatu na kijani zimekuwa kijivu kile kile. Sioni tofauti kabisa!

Rukia: Subhanallah. Mimi ningeziweka jirani nikidhani zinatofautiana.

Shangazi Tatu: Ndiyo hapo. Kwa rangi zinapiga kelele, kwa mwanga ni pacha. Zikikaa jirani, mtu akisimama mlangoni ataona dimbwi moja zito, hataona viraka. Sasa angalia manjano iliyopauka na ile ya maziwa.

Asha: Zote nyeupe.

Shangazi Tatu: Basi hizo ni fungu moja, fungu la mwanga. Nili, kisutu, damu ya mzee, hizo giza. Katikati utakuta kijani na hiyo nyekundu pacha wake, na ile ya zambarau uliyoitupia pembeni, naiona kona ya picha. Mafungu matatu. Ukishayapata hayo, kazi ngumu imekwisha.

Mama Asha: Assalaam alaykum. Wifi, mimi nina neno na msinichukulie vibaya. Viraka? Mtoto yuko ugenini, ana majirani, ana wakwe. Watasema kwao wamemtumia matambara. Tusimnunulie duveti tu?

Baba Mdogo Hamisi: Shemeji, heshima zako. Lakini kanga yenyewe ilianza kwa kuungwa. Karne ya 19 huku pwani wanawake walikuwa wananunua leso za mraba zikiwa bado kitambaa kizima, wanakata sita, wanaziunga tatu juu tatu chini, wanapata vazi moja pana. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo kanga wanaita leso. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanapenda, ndipo wakaanza kuchapisha kitambaa kizima. Kwa hiyo tukikata na kuunga hatumdhalilishi mtu.

Halima (Maskati): Shikamooni. Mama Asha, nyongeza. Huku nina jirani kutoka Karnataka, India, kusini kule. Kwao wapo Masiddi, watu ambao asili yao ni Afrika, na wanawake wao wana mfarishi wa viraka unaitwa kawandi. Wanatumia nguo zilizokwisha kuvaliwa, wanapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, kwa mkono wakianzia ukingoni, wanazunguka mpaka wanafika katikati. Siku hizi watu wa ng'ambo wanainunua kwa fedha nzuri na kuitundika ukutani. Mwenzangu kaniambia pembe nne lazima ziwe na vipande vilivyokunjwa, wanaviita phula, maua. Bila hayo wanasema mfarishi uko uchi.

Mama Asha: Haya. Sikuyajua hayo. Basi ushonwe uzuri, mishono isionekane ya haraka.

Shangazi Tatu: Wifi, unanijua. Halima, hizo pembe nimezipenda. Unakunja kipande cha mraba mara mbili kinakuwa pembetatu, unakibana kwenye kona. Tutaweka za kisutu. Zitapata kazi bila kutawala, maana nyekundu nataka iwe kama pilipili kwenye mchuzi.

Asha: Kuhusu kisutu, nilidhani tusikikate. Si ndicho cha harusi ya Bibi? Na ile ya nili yenye jahazi pia alivaa harusini, kaniambia Mama Mkubwa.

Baba Mdogo Hamisi: Ya jahazi hapana. Soma maandishi madogo ukingoni.

Asha: Yamefifia... URAFIKI.

Baba Mdogo Hamisi: Basi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968. Mama aliolewa mwaka wa Uhuru, 1961. Hiyo jahazi nadhani Mzee alimletea kutoka Dar, mimi nikiwa mdogo. Kisutu ndicho cha harusi.

Asha: 🎤 Bibi amezungumza, naandika kama alivyosema:
"Mwambieni Tatu akikate. Nimekivaa siku yangu, nimekivaa Mwanaidi alipoolewa, nimekivaa arobaini ya Asha. Kinangoja nini kwenye kasha, nondo? Ila ile ya manjano msilikate jina lake. Nililichagua mwenyewe. Na ya zambarau msiitie, hiyo nitajifunga."

Shangazi Tatu: Mama, nimesikia. Ya zambarau inarudi kwako. Jina la manjano litakaa zima, nitalikata kama utepe na kulilaza upande wa miguuni. Asha, linasomekaje?

Asha: MGENI NJOO MWENYEJI APONE

Rukia: Na mgeni yuko njiani tumboni 😭

Halima (Maskati): Hapo hapo nikumbushe kitu, mimi ni nesi nitalaumiwa. Mfarishi ni wa kitanda cha Zuhura mwenyewe. Mtoto mchanga asifunikwe nao akiwa amelala, mwaka wa kwanza wote kitanda chake kiwe hakina mashuka mazito wala mito. Akishaanza kukaa, atandikiwe chini achezee mchana, sawa.

Mama Asha: Nitamwambia mimi.

Shangazi Tatu: Vizuri. Sasa hesabu. Viraka vya inchi sita baada ya kushonwa, kwa hiyo unakata sita na nusu, robo kila upande inaliwa na mshono. Tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72, yaani kumi kwa kumi na mbili, jumla 120. Kanga moja nzima inaweza kutoa hata hamsini, hivyo hatuzimalizi. Kitakachobaki kinarudi kwa Mama.

Na sikilizeni hili, ndilo linalonipendeza kuliko yote katika kanga. Kila moja inakupa rangi mbili: pindo la ukingoni na mji wa ndani. Chukua ya nili. Pindo ni giza tupu, lakini mji wake una mwanga mwingi, buluu nyepesi na jahazi jeupe. Kwa hiyo usihesabu "nili ni moja". Pindo linakwenda fungu la giza, mji unakwenda katikati. Na kwa sababu zimetoka kwenye kitambaa kimoja, zimepauka pamoja, zinajuana. Hakuna duka litakalokuuzia giza na mwanga vinavyojuana hivyo.

Rukia: Shangazi unatufundisha darasa zima hapa.

Asha: Kwa hiyo ya damu ya mzee pia, pindo giza, mji maziwa?

Shangazi Tatu: Naam. Ila ile korosho yake ni kubwa, ukikata inchi sita unapata tumbo la korosho bila mkia. Kata kwa kuifuata, korosho moja iingie nzima kwenye kiraka. Utapoteza kitambaa kidogo, si neno. Chache tu, sita au saba zinatosha, zitawanye.

Mpangilio nataka mshazari. Mstari wa giza, wa katikati, wa mwanga, kisha unarudia, ukishuka kutoka bega moja la kitanda mpaka mguu wa pili. Hapo hata nyekundu na kijani zikiwa mstari mmoja hazipigani, kwa sababu jirani zao wa kulia na kushoto ni wa mafungu mengine.

Baba Mdogo Hamisi: Naomba kijani na manjano zisikae mstari mmoja zikaonekana Yanga. Nyumba hii ina Simba wengi.

Shangazi Tatu: Hamisi, manjano ni mwanga, kijani ni katikati. Kwa vyovyote hawalali pamoja.

Mama Asha: Kisutu hakitachuja? Nyekundu za zamani nazijua, ukifua kimoja unapata ndoo ya damu. Niloweke kwenye chumvi?

Rukia: Siki ndiyo nzuri.

Shangazi Tatu: Chumvi na siki hazishiki rangi ya kanga iliyokwisha kuchapwa, tunazitia kwa mazoea tu. Fueni kila moja peke yake, maji baridi, sabuni kidogo, mpaka maji ya mwisho yawe meupe. Halafu jaribio: lowesha kisutu, weka juu yake kitambaa cheupe, piga pasi ya moto. Cheupe kikibaki cheupe, kisutu kimepona. Kikipata waridi, rudia kufua. Kianikwe kivulini, ndani nje.

Asha: Nimefanya kwa kona ya kisutu sasa hivi. [picha] Kuna waridi, hafifu.

Shangazi Tatu: Rudia. Kisipoacha kuchuja kabisa, kisutu kitabaki kwenye zile pembe nne tu, mbali na maziwa. Sitaki Zuhura atie mashineni kule, viraka vyeupe vitoke na madoa, na mimi sipo nimsaidie.

Rukia, sasa ndiyo unakwenda Kariakoo. Bitana, kitambaa cha upande wa chini. Chukua marekani, si ile iliyopaushwa ikawa nyeupe pepepe, ni ile ya asili yenye rangi ya ufuta. Nyeupe kali nyuma ya kanga zilizotulia itajitokeza ukingoni na kuzichafua. Kama upana ni yadi moja, mita nne na nusu, tutalaza mbili sambamba. Ifue kabla hujaileta. Ina dondo nyingi, ule wanga wa kiwandani, na inarudi, yaani inapungua, ikirudi baada ya kushonwa mfarishi wote unakunjamana.

Rukia: Marekani ya rangi ya ufuta, mita nne na nusu, nifue. Na uzi?

Shangazi Tatu: Uzi wa pamba, rangi ya maziwa. Nyeusi itaonekana kama nzi juu ya mwanga, ya maziwa inameza kote. Ndani tutaweka ile blanketi nyepesi ya pamba iliyo kwangu. Kuunga nitaunga kwa cherehani, bandi tutapiga kwa mkono wote, tukiketi kwa Mama.

Asha: 🎤 Bibi anauliza, je, yeye atapiga bandi? Anasema macho yanamruhusu asubuhi.

Shangazi Tatu: Mama aanze yeye. Achukue upande wa jina.

Halima (Maskati): Nami nataka mkono wangu uwemo. Nina kipande cha leso ya marehemu mama, buluu nyepesi, kimefuliwa mara elfu. Kuna mtu anasafiri wiki ijayo.

Shangazi Tatu: Piga picha barazani, iondoe rangi, nikuone.

Halima (Maskati): [picha]

Shangazi Tatu: Katikati, kuelekea mwanga. Kitakaa jirani na mji wa jahazi, tena pazuri. Kilete chote, usikikate huko.

Asha: Jumamosi basi? Nitapanga viraka mkekani kabla hamjafika.

Shangazi Tatu: Jumamosi saa mbili asubuhi, jua likiwa bado laini. Usipange, fua tu na upige pasi. Na Asha, mkasi nakuja nao mimi, ule wa jikoni usiguse kanga.