Viungio vya reli vinaachana tangu mvua zianze (meza ya HO, Nyegezi)

Reli_Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua treni za modeli za HO (kipimo cha 1:87).

Meza ni ya ukutani, umbo la L, upande mmoja mita 3.2 na mwingine mita 2, upana sentimita 70. Chumba kinatazama ziwa. Juu ni MDF ya milimita 12, chini ni fremu ya paini yenye viunzi vya kukatiza kila sentimita 80. Reli ni za kupinda za kampuni ya Peco, kodi 100 (kimo cha reli), vipande vya milimita 914, zimepigiliwa moja kwa moja kwenye MDF na viungio vyote vimelehemiwa. Pointi (za kuhamishia treni njia) ziko 4, aina ya Insulfrog. Kona ina nusukipenyo cha milimita 500. Umeme ni DCC (mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni za modeli) kutoka kompyuta ndogo ya Arduino Mega yenye bodi ya mota na programu ya DCC-EX. Waya unaingia njiani sehemu moja tu, karibu na stesheni.

Reli zilitandikwa Julai na zikafanya kazi bila shida. Tangu mvua zichanganye, viungio vitatu vya njia kuu vimeachia lehemu na kubaki na mianya ya karibu milimita 2. Kichwa cha treni kinapoteza nguvu kikielekea upande wa mbali, na kwenye pointi ya tatu kinazima kabisa kikienda polepole. Mabehewa matupu ya mizigo yanaacha njia konani, yenye mzigo hayaachi. Juu ya yote, reli zinakuwa nyeusi ndani ya siku mbili.

Nahisi joto limerefusha reli. Nizipunguze kwa msumeno? Halafu kuna jambo la pili: nataka kuongeza gati la Mwanza South na kivuko cha mabehewa. Nibaki na njia yenye upana wa milimita 16.5 kati ya reli au nihamie ya 12?

FundiMataruma

Weka msumeno chini kwanza, mkuu. Soma tena ulichoandika: mianya imefunguka. Reli zingekuwa zimerefuka, mianya ingejifunga na reli zingebenuka pembeni. Aloi ya reli hizo (shaba, nikeli na zinki) hurefuka kama milimita 0.016 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Mita 3.2 kwa tofauti ya nyuzi 10 ni nusu milimita tu. Haiwezi kukupa mianya mitatu ya milimita 2.

Kilichotembea ni ubao. Julai MDF ilikuwa kavu. Mvua zilipokuja ikanywa unyevu wa hewa na kurefuka kwa milimita kadhaa, misumari ikavuta reli pamoja nayo, na sehemu dhaifu kuliko zote, yaani lehemu ya kiungio, ikakatika. Ukiiziba mianya hiyo sasa kwa kuvuta reli au kulehemu upya, kiangazi kijacho ubao utasinyaa, reli zitakosa pa kwenda, na hapo ndipo utaziona zikibenuka kwelikweli.

Fanya hivi. Viungio vya sehemu iliyonyooka viachie, visilehemiwe. Kazi yake ni kushika reli mbili ziwe sambamba, si kupitisha umeme. Konani lehemu, maana kiungio huru kwenye mpindo hutengeneza pembe. Pale penye mwanya wa milimita 2, kata kipande cha sentimita 6 hadi 8 na uweke kipya kinachojaza nafasi, ukiacha mwanya mdogo kila upande. Ukubwa wa mwanya unategemea msimu, na hapa wengi hukosea kwa kufuata vitabu vya nchi za baridi: ukitandika wakati wa mvua ubao umevimba, kwa hiyo acha karibu milimita 1 kwa kila kiungio, ukitandika kiangazi, reli zikaribie kugusana kwa sababu ubao ndio utakaozitenganisha.

Viunzi kila sentimita 80 ni mbali mno kwa MDF ya 12, lazima ibonyee katikati. Ongeza kimoja kati ya kila viwili ufikie sentimita 40. Pia ng'oa misumari. Chini ya reli weka tandiko la milimita 3, ile sponji ngumu ya EVA wanayouza kwa mafundi viatu inafaa sana, na ubandike kwa gundi ya akriliki ya kwenye tyubu. Tandiko hilo lina mnyumbuko kidogo, kwa hiyo ubao ukicheza reli haiburutwi moja kwa moja, na kelele inapungua.

Kupaka rangi subiri kiangazi. Ukifunga MDF ikiwa imelowa unafungia maji ndani. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mikono miwili juu na chini, sawasawa, maana ukipaka upande mmoja tu ubao hupinda. Kwenye kingo, ambako ndiko inakonywea zaidi, anza na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, piga msasa, kisha rangi.

Volti_Igoma

Fundi amemaliza habari ya mbao. Kwenye umeme tatizo ni lile lile ukiliangalia vizuri: njia yote inategemea viungio kupitisha umeme kutoka sehemu moja ya kuingilia. Vikiachia, upande wa mbali unakufa.

Tandaza waya mama wawili chini ya meza, mwekundu na mweusi, waya wa 1.5 wa taa za nyumba unatosha. Waya huo una ukinzani wa karibu omu 0.012 kwa mita, hivyo kwenda na kurudi mita 5.2 kwa ampea 2 unapoteza kama volti 0.25, hakuna mota itakayohisi. Kutoka hapo panda na waya mwembamba wa 0.5, usiozidi sentimita 20, hadi kwenye KILA kipande cha reli. Usiruke hata kimoja. Lehemu ubavuni mwa reli upande wa nje, pasi iwe na moto wa kutosha na uguse sekunde mbili tatu tu. Pasi baridi inakufanya ukae muda mrefu na mataruma ya plastiki yanayeyuka.

Pointi ya tatu inazima kwa sababu mbili. Frogi ya Insulfrog (pale reli zinapokatana ndani ya pointi) ni plastiki, haina umeme, na kichwa kifupi kinachookota umeme kwa magurudumu machache kikiipita polepole kinakatika. Pili, reli zinazofuata ulimi (kipande kinachosogea) zinapata umeme kwa ulimi kugusa reli ya pembeni, na mguso huo ukichafuka basi. Lisha ncha zote tatu za pointi kutoka waya mama. Baadaye ukiona kichwa kinapiga shoti juu ya frogi, ni gurudumu pana linalogusa reli mbili pale zinapokaribiana. Paka rangi ya kucha kwenye sentimita moja ya ncha hizo na shoti itaisha.

Kupima: ondoa vichwa vyote relini, tenganisha kituo cha DCC, lisha waya mama kwa betri ya volti 12 kupitia fyuzi ya gari ya ampea 5. Weka balbu ya indiketa (volti 12, wati 21) kwenye reli upande wa mbali kabisa, upime volti palepale kwenye balbu, halafu kwenye betri. Tofauti ikizidi volti 1 kuna kiungo kibovu. Sogeza balbu kipande kwa kipande mpaka ukipate. Kupima bila mzigo hakukwambii kitu, mita itaonyesha 12 hata kwenye waya unaoning'inia kwa uzi mmoja.

Umalizapo rudisha DCC na ufanye jaribio la sarafu: laza sarafu juu ya reli mbili kila baada ya nusu mita. Kituo kikate umeme kila mara, mara moja. Kisipokata mahali fulani, ukinzani wa hapo ni mkubwa mno, na siku behewa likiacha njia utachoma dikoda (saketi iliyo ndani ya kichwa inayopokea amri za DCC).

Jambo moja la bodi ya mota: kama unailisha zaidi ya volti 9, kile kiunganisho cha Vin kilicho mgongoni mwake lazima kiwe kimekatwa na Arduino ipate umeme wake peke yake. Vinginevyo unapeleka volti zote hizo kwenye Arduino.

SamakiNaReli

Weusi na kuacha njia bado hamjavigusa.

Weusi mwingi unatoka kwenye cheche ndogo kati ya gurudumu na reli, ukichanganyika na magurudumu ya plastiki yanayosambaza uchafu. Badilisha magurudumu yote yawe ya chuma. Na kwa nyumba za kando ya ziwa kuna adui mwingine: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Wanafuata taa, wanakufa mezani, gurudumu linawasaga na kuacha utando. Ikifika magharibi zima taa za mezani, tandika shuka juu ya meza, na kama unacheza usiku washa taa kali nje ya dirisha la upande mwingine ili waende huko. Kuwapangusa wakiwa wamelowa ni kuwapaka. Waache wakauke, halafu brashi laini au kifyonza vumbi.

Kusafisha reli tumia spiriti na kitambaa cha pamba, umeme ukiwa umezimwa. Msasa usiguse kabisa, mikwaruzo yake ndiyo inayohifadhi uchafu.

Mabehewa matupu ni mepesi mno. Kanuni ya NMRA (chama cha treni za modeli cha Marekani) kwa HO ni gramu 28, jumlisha gramu 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Behewa la milimita 150 linatakiwa karibu gramu 112, na mengi ya plastiki hayafiki nusu yake. Chubwi za risasi za nyavu zinapatikana kila duka la vifaa vya uvuvi. Zigonge ziwe bapa, ziweke chini kabisa ya sakafu ya behewa, kati ya bogi zake mbili (fremu za magurudumu). Zibandike kwa epoksi ya mirija miwili. Gundi nyeupe ya mbao usitumie kwenye risasi, inaila taratibu, risasi inavimba na kupasua behewa baada ya miaka. Nawa mikono. Kisha pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu, iwe takriban milimita 14.4, ikipungua, gurudumu linapanda juu kwenye pointi.

Volti_Igoma

Kwenye spiriti sikubaliani nawe, ndugu. Ya dukani ina maji, na hata ile safi inaacha reli katika hali inayovutia cheche, ndiyo maana weusi unarudi haraka. Tapentaini nyeupe ya wachoraji mabango ni bora: pangusa, kisha pangusa tena kwa kitambaa kikavu mpaka kisitoke na unyevu. Dirisha wazi, na hakuna sigara.

SamakiNaReli

Harufu yake chumba kidogo haivumiliki, lakini sawa. Ajaribu nusu ya njia kwa kila moja, reli zitaamua.

GejiMita

Nijibu la kivuko. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ni ya geji ya mita 1, na kwa 1:87 hiyo inakuwa milimita 11.5, ndiyo maana HOm (HO ya reli za mita moja) hutumia 12. Milimita 16.5 kwa 1:87 ni kama milimita 1435, yaani SGR. Kwa hiyo ukiweka MV Umoja, kile kivuko cha mabehewa cha Ziwa Victoria, kwenye njia ya 16.5 kwa kipimo cha HO, mwenye jicho ataona gati la reli ya zamani lenye reli pana. Una njia tatu.

Ya kwanza, HOm. Peco na Tillig wana reli za 12, Bemo wana mabehewa, ila mengi ni ya milima ya Uswisi. Vichwa vya dizeli vya reli yetu ya mita, aina ya 73 na 88, usitegemee kuvikuta dukani, utajenga gamba mwenyewe. Chasi ya TT (kipimo kidogo zaidi, 1:120) nayo inatembea kwenye milimita 12, na ina vichwa vya ekseli sita, kitu ambacho HOm ina uhaba nacho. Kasoro yake ni magurudumu madogo: la mita 1 katika TT ni milimita 8.3, ambayo kwenye 1:87 inasomeka sentimita 72. Fremu za bogi zinaficha sehemu.

Ya pili, ambayo wengi hawaifikirii: baki na reli zako, badilisha kipimo. Milimita 16.5 kwa 1:64 ni milimita 1056, karibu sana na mita moja. Utatengeneza majengo na magamba ya treni mwenyewe, lakini magari madogo ya chuma ya maduka ya wanasesere mengi yanakaribia 1:64, hivyo magari ya gatini unayo tayari. Mataruma ya HO yataonekana yamebanana. Ondoa machache na uachanishe yaliyobaki.

Ya tatu, jenga SGR na usahau kivuko.

Meli yenyewe ina urefu wa takriban mita 90: kwa 1:87 ni sentimita 103, kwa 1:64 ni mita 1.4. Hata ukiipunguza iwe sentimita 75 bado itaonekana meli. Ifanye sitaha iweze kunyanyuliwa na mabehewa yake, hapo ndipo treni nzima inaingia na kutoka mezani. Reli za sitaha na za daraja la gati zilehemu kwenye vipande vya bodi ya saketi badala ya mataruma, umekata shaba katikati, na zilenge kwa pini mbili za shaba za milimita 3. Plastiki haishiki mstari ikinyanyuliwa kila siku. Kichwa kisipande sitaha, kisukume mabehewa kikiwa na mabehewa bapa mawili mbele yake, kama inavyofanyika kwenye vivuko vingi vya mabehewa.

Reli_Nyegezi

Shukrani sana wakuu. 1:64 imenivutia. Kokoto je? Nina vumbi la granaiti kutoka kwa wagonga mawe, naweza kuanza kumwaga wiki hii?

FundiMataruma

Wiki hii hapana. Kokoto zikishagundishwa reli haisogei tena, kwa hiyo subiri ubao ukauke, upakwe rangi, na njia itembee mwezi mzima bila kuacha. Wakati unasubiri, chekecha. Kwa 1:64 unataka punje za nusu milimita hadi milimita moja. Chujio la chai litatoa kubwa, soksi ya nailoni itatoa vumbi. Osha mpaka maji yawe safi, anika, kisha pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya karatasi mara kadhaa. Granaiti mara nyingi ina chembe nyeusi zinazonaswa na sumaku, na zikibaki njiani mota ya kichwa itazinyonya.

Siku ya kumwaga, nyunyiza spiriti kwanza, kisha dondosha gundi nyeupe kiasi kimoja kwa maji matatu, na tone la sabuni ya vyombo. Kwenye ndimi za pointi acha sentimita 2 bila gundi kila upande na usogeze ndimi kila nusu saa mpaka ikauke.