Kikundi cha familia, Ibanda, Bukavu: jioni ya tarehe 15 Aprili 2020

Mama: Furaha mwanangu, tumesikia redioni kwamba jana Waziri Mkuu wa India aliongeza muda wa kuwafungia ndani huko kwa sababu ya korona hadi tarehe 3 Mei. Usiniandikie tena kwamba unaendelea vizuri. Leo umekula nini?

Furaha: Mama, nimekula wali na dengu, mara moja, saa nane mchana. Tangu kantini ya bweni ifungwe mwezi uliopita, tumebaki wanafunzi wa kigeni watatu katika ghorofa yetu, mimi, Msudani na Mnigeria, nasi tunatumia mtungi mmoja wa gesi ambao sasa umekuwa mwepesi ukiuinua. Tunapika mara moja tu, kisha tunaifunga sufuria kwa blanketi ili wali usipoe hadi usiku. Masomo ninafuata kwenye simu, na mega za intaneti za siku huisha kabla ya somo la mwisho. Sikuwaambia kwa sababu nilijua kwamba huvuki tena mto Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda, kwa biashara yako.

Mama: Ni kweli, malori ya mizigo yanapita, lakini sisi tunaovuka kwa miguu na mabeseni yetu tumezuiwa tangu Machi. Hata hivyo, njaa yako usinifiche, Furaha. Hilo limeniuma kuliko mpaka.

Mjomba Bahati: Dada, wiki iliyopita nilimtumia dola 60, lakini wakala wa karibu na bweni lake alikuwa amefunga, na fedha zikarudi zikiwa zimekatwa gharama. Furaha, kama una akaunti ya benki, nitumie namba yake kwangu mwenyewe, si hapa kikundini. Na viza yako je?

Furaha: Akaunti ninayo, Mjomba. Viza inaisha mwishoni mwa mwezi huu, lakini serikali ya hapa imeturuhusu wageni tuliokwama kuomba nyongeza kwenye intaneti bila malipo, nami nimekwisha kujaza ombi. Kurudi nyumbani hakuwezekani, kwa sababu ndege za abiria za kimataifa zimesimama.

Baba Mkubwa: Zamu ya likelemba, fedha tunazochangiana na kupokea kwa zamu, mwezi huu ni yangu. Nimemwambia mtunza fedha ampe Bahati fungu lote kesho asubuhi. Binti yangu, jaza gesi kwanza, na wenzako hao wawili usiwadai kitu.

Furaha: Baba Mkubwa, asante. Nimewasomea ujumbe wako, na Mnigeria analia.

Mama: Kesho mkipika, nipigie picha ya sufuria.