Naomba ushauri: binti yangu wa darasa la tano amekwama kwenye kuzidisha sehemu

MzaziChamwino: Ndugu zangu, habari za jioni. Binti yangu anajua vizuri kujumlisha sehemu, lakini akipewa 3/4 × 2/3 hutafuta kwanza KDS (kigawe kidogo cha shirika), akapata 9/12 na 8/12, akazidisha viasi (namba za juu) na kuiacha asili (namba ya chini) ile ile, hatimaye akaandika 72/12, yaani 6. Nikimwambia kwamba jibu ni nusu, huniuliza inakuwaje kuzidisha kupunguze, nami nakosa la kumjibu. Nimwelezeje bila kumkaririsha kanuni tu?

MwalimuMstaafu: Ndugu mzazi, swali hilo la binti yako ni zuri sana, na ndilo la kuanza nalo. Mzoeshe kuisoma alama ya kuzidisha kama "ya": 2/3 ya 3/4. Mpe karatasi, aikunje kwa wima apate mikanda minne iliyo sawa, na mitatu aipake rangi. Kisha aikunje kwa mlalo katika mikanda mitatu, na miwili aichore mistari. Atahesabu vyumba 12, na vyenye rangi pamoja na mistari ni 6. Hivyo 12 vimetokana na 4 × 3, ndiyo maana asili nazo huzidishwa. Katika kujumlisha tunasawazisha asili ili tuhesabu vipande vya ukubwa mmoja, ilhali hapa tunakata kipande ambacho tayari kilikwisha kukatwa.

MkulimaHombolo: Shikamoo mwalimu. Mimi nilimfundisha wangu kwa shamba: ikiwa zabibu zimechukua 3/4 ya eka na tumevuna 2/3 ya eneo hilo, tumevuna nusu eka, wala haiwezekani tuwe tumevuna eka 6. Mzazi, jihadhari pia na namba mchanganyiko. Wangu alizidisha 1½ × 2⅓ kwa kuchukua 1 × 2 na ½ × ⅓, akapata 2 1/6, akasahau 1 × ⅓ na ½ × 2. Abadilishe kwanza ziwe 3/2 × 7/3, atapata 7/2, yaani 3½.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Mfano wa shamba ni mzuri, kwa kuwa unamfanya mtoto akadirie jibu kabla ya kukokotoa.

MzaziChamwino: Nawashukuru sana. Tumekunja karatasi jana usiku, na leo asubuhi nilipompa 1/2 × 3/5, kabla hajashika kalamu alisema jibu lazima liwe dogo kuliko 3/5, kisha akaandika 3/10.