Pointi za GPS zimesogea mita 300 kwenye ramani, na kishale cha mausi kinaruka

Mpimaji_Moro
Wakuu, nina pointi 42 za visima vya Kilosa, nimechukua kwa kifaa cha GPS, Garmin eTrex 10. Nimeburuta faili la GPX (faili la pointi za GPS) kwenye QGIS, programu ya ramani, zimeonekana, ila juu ya karatasi ya ramani ya 1:50,000 niliyoiskani zote zimesogea karibu mita 300, upande uleule. Pili, nataka kuona nilipo moja kwa moja kwenye laptop kwa kipokezi cha GPS cha USB. Nikikichomeka, kishale cha mausi kinarukaruka na kubonyeza vitu chenyewe. Windows 10.

Ramani_Kavu
Kosa la kifaa lingekuwa mita chache, tena lingetawanyika huku na huku. Zikisogea zote upande mmoja, hiyo ni datamu, yaani umbo la dunia ambalo namba za mahali hupimwa juu yake: karatasi zile za zamani ni datamu ya Arc 1960, GPS inatoa WGS 84. Soma maandishi ya pembezoni mwa karatasi uhakikishe. Nadhani ulipoipa ramani viwianishi (namba za mahali) ulichagua EPSG:32737, namba ya mfumo wa WGS 84; rudia kwa EPSG:21037, ya Arc 1960. (Kwa Dodoma mjini kwenda magharibi ni 21036, watu husahau.) GPX iache EPSG:4326 (WGS 84 kwa digrii), QGIS itageuza yenyewe. Ikikuuliza njia ya kugeuza, ikwepe iliyoandikwa "Ballpark": hairekebishi datamu, mita 300 zako zitabaki palepale. Wala usiguse "Set Layer CRS" (kuipa tabaka mfumo wa viwianishi) kwenye GPX. Ile inabadili jina tu, namba haizigusi.

Nanga77
Mausi: kipokezi kinamimina data mfululizo kwenye poti ya COM (poti ya siriali), Windows inadhani ni mausi ya siriali ya kizamani. Fungua Device Manager, kwenye orodha ya mausi tafuta "Microsoft Serial BallPoint", bonyeza kulia, chagua Disable. Ukiifuta badala ya kuizima, itarudi ukichomeka tena. Kisha tazama sehemu ya Ports namba ya COM uliyopewa, iweke kwenye mipangilio ya GPS ya QGIS. Kasi ya data (baud) kwa vipokezi vingi ni 9600. Poti inashikwa na programu moja tu. Ukiacha nyingine wazi, QGIS itagoma kuunganisha. Na toka nje, chini ya bati hutapata kitu.

Mpimaji_Moro
21037 imekaa sawasawa, na mausi imetulia. Sasa pointi za mwenzangu za Excel zimetua baharini karibu na Hispania!

Ramani_Kavu
Kageuza X na Y. X ni longitudo, 36.99, Y ni latitudo, -6.83. Mkisahau alama ya kutoa mtahamia Ethiopia. Tena muulize kama alinakili kutoka kwenye mistari ya NMEA (data ghafi inayotoka kwenye kipokezi), maana 0649.500 pale ni digrii 6 na dakika 49.5, yaani 6.825, wala si 6.495.